Linki ya kawaida, nofollow, sponsored au ugc: uweke ipi, utafute ipi

Mwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi yake Moshi mjini, anafungua simu asubuhi anakuta barua pepe mbili. Ya kwanza inamuuzia linki mia moja, "zote dofollow", kwa bei ya mtungi wa gesi. Ya pili imetoka kwa mwandishi wa safari wa Ujerumani: ataitaja kampuni kwenye makala yake ya njia ya Lemosho, ila gazeti lake huweka nofollow kwenye linki zote za nje. Wengi huijibu ya kwanza, ya pili wakaiacha ikilala. Wamebadilishana dhahabu na bati, na hawajui.

Linki yoyote ukiichungulia kwa ndani ni mstari mmoja tu wa msimbo:

<a href="https://example.com/lemosho">Lemosho kwa siku nane</a>

Hiyo ndiyo linki ya kawaida, haina alama yoyote. "Dofollow" ni neno la mtaani. Halimo kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na mtu akiandika rel="dofollow" Google hailitambui. Alama zinazotambulika ni tatu, na zote hukaa ndani ya rel, yaani ile sehemu ya msimbo wa linki inayoeleza ni linki ya namna gani. Ya kwanza ni nofollow. Ilianza Januari 2005, Google, Yahoo na MSN walipotaka kuwakatisha tamaa watu waliokuwa wakimwaga matangazo kwenye maoni ya tovuti za wengine. Nyingine mbili, sponsored (ya kulipiwa) na ugc (iliyobandikwa na wageni wa tovuti), Google ilizitangaza Septemba 2019.

Mwaka huo wa 2019 kulikuja na jambo kubwa kuliko hayo majina mapya. Kabla yake nofollow ilikuwa amri: linki hii isihesabiwe. Tangu hapo alama zote tatu zimekuwa dokezo tu kwenye kupanga matokeo, na kuanzia tarehe 1 Machi 2020 zikawa dokezo pia kwenye kutambaa kurasa, yaani Google kuzipitia na kuzisoma, na kuziingiza kwenye faharasa. Google inaweza kulifuata dokezo, inaweza kulipuuza, na haikwambii limefuatwa lini. Kwa hiyo anayesema nofollow haina thamani yoyote kwa Google amebaki na habari za zamani. Na anayesema siku hizi nofollow ni sawasawa na linki ya kawaida, huyo anabuni.

Vigezo

Kila aina ipimwe kwa maswali manne yaleyale. Linki imepatikanaje? Inapitisha uzito gani kwenye utafutaji? Inaleta watu gani? Mambo yakienda kombo, kinaharibika nini?

Swali la kwanza ndilo linaloyabeba mengine. AA na PB hupanga madaraja ya kahawa kwenye mnada wa Moshi; alama ya linki haipangi ubora hivyo. Kazi yake ni ile ya stakabadhi: inaeleza linki imeingiaje pale ilipo. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya mabishano ya "dofollow ni bora" inajimaliza yenyewe.

Linki ya kawaida

*Imepatikanaje.* Mwenye tovuti kaiweka kwa hiari yake, bila malipo, kwa sababu ukurasa wako unamsaidia msomaji wake. Hoteli ya Marangu inawaelekeza wageni kwenye orodha yako ya vifaa vya kupandia mlima. Wewe nawe unaelekeza kwenye ukurasa wa TANAPA wa ada za hifadhi, maana ndiko bei zinakotoka. Linki kama hizo hazihitaji alama.

*Uzito.* Hii ndiyo inayopitisha uzito kamili. Hesabu ya PageRank, waliyoibuni Larry Page na Sergey Brin wakiwa Stanford, huichukua linki kama kura, na kura ya ukurasa unaoelekezewa na wengi huwa nzito zaidi. Maneno yanayobofywa nayo yana kazi. "Ratiba ya Lemosho" inaieleza Google ukurasa unahusu nini; "bofya hapa" haisemi kitu. Lakini tovuti arobaini zikikuelekezea kwa maneno yaleyale ya kibiashara, herufi kwa herufi, hapo panaanza kunuka ununuzi.

Kuna ubahili mmoja ambao bado mafundi wanaufundisha. Chukua ukurasa wenye linki kumi kama mkungu wenye ndizi kumi: kila linki inapata ndizi moja. Wako wanaodhani ukibandika nofollow kwenye tano, zile tano zilizobaki zitapata ndizi mbilimbili, basi wanafunga linki zote za nje ili uzito ubaki nyumbani. Zamani hesabu ilikwenda hivyo. Juni 2009 Matt Cutts wa Google alieleza kwamba ilikwisha badilika: linki tano zilizobaki zinapata ndizi moja moja zilezile, na zile nyingine tano hazimfikii mtu. Umewanyima majirani, na watoto wako hawakushiba zaidi. Kwa hiyo ile swichi ya kuweka nofollow kwenye linki zote za nje kwa mpigo, iliyomo kwenye baadhi ya programu-jalizi za SEO (kazi ya kuipandisha tovuti kwenye utafutaji), iache imezimwa.

*Watu.* Inategemea kabisa iko wapi. Linki ya kawaida kwenye ukurasa usiosomwa na mtu haileti mgeni hata mmoja.

*Hatari.* Haina hatari ikiwa ya kweli. Ikiwa ya kununua, ni hatari kuliko aina zote. Aprili 2012 Google ilitoa Penguin, sasisho la kupambana na linki za hila, na tovuti nyingi zilizokuwa zikiishi kwa linki za kununua zikaporomoka. Tangu Septemba 2016 Penguin ni sehemu ya mfumo wenyewe, na kwa kawaida huzinyima linki hizo thamani badala ya kuishusha tovuti nzima. Desemba 2022 Google ikaongeza SpamBrain, mfumo wa kujifunza kwa mashine, kutambua wanaouza linki na wanaonunua. Matokeo yake, mara nyingi fedha yako inayeyuka kimyakimya: linki mia zimewekwa, hakuna kilichopanda wala kushuka. Adhabu inayotolewa na mfanyakazi wa Google kwa mkono pia ipo, na ukipigwa utaikuta kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Januari 2012 Google iliushusha ukurasa wa kivinjari chake chenyewe, Chrome, kwa siku 60 kisa makala za kulipiwa zilizokuwa na linki isiyo na alama. Kama mwenye nyumba alijitandika, mpangaji asitarajie kuonewa huruma.

*Inamfaa* aliye na kurasa zinazostahili kutajwa, na mwenye subira.

Nofollow

Inaandikwa hivi: <a href="https://example.com/lemosho" rel="nofollow">

*Imepatikanaje.* Mwenye ukurasa anasema: nakuonyesha njia, lakini simdhamini aliyeko huko. Wikipedia ya Kiingereza imeiweka kwenye linki zote za nje tangu Januari 2007. Linki kwenye maelezo ya video za YouTube ni nofollow. Magazeti mengi ya nje huiweka kwenye kila linki bila kumwangalia mtu usoni, kwa hiyo ukiikuta usidhani umedharauliwa.

*Uzito.* Dokezo. Usiupangie bajeti.

*Watu.* Hapa ndipo inapolipa. Mzungu anayesoma makala ya Lemosho mwezi wa pili akipanga kupanda mwezi wa nane hajui rel ni nini. Anabofya, anaona picha za kambi ya Shira, anaona unavyowalipa wagumu wako, wale wapagazi wa mlimani, anaandika barua pepe. Mteja mmoja wa namna hiyo anaweza kuingiza zaidi ya linki elfu za kwenye saraka zisizosomwa. Zaidi ya hapo, mwandishi mwingine akiisoma makala ileile anaweza kukutaja kwenye yake bila alama yoyote. Linki za kawaida nyingi huzaliwa kwa njia hiyo.

Ila angalia neno lingine linalofanana nalo. Ndani ya rel huwa pia kuna noopener na noreferrer. Noopener ni ya usalama na haigusi SEO. Noreferrer humzuia mgeni asionyeshe ametoka wapi, kwa hiyo kwenye takwimu zako anahesabiwa kama aliyeandika anwani yako mwenyewe. Mtu akisema "lile gazeti halijaniletea mgeni hata mmoja", kwanza akague kama linki ina noreferrer. Nofollow yenyewe haifichi kitu.

*Hatari.* Kwa anayepewa, karibu hakuna. Kwa anayeiweka, hatari ni kuiweka pasipostahili, hasa kwenye linki za ndani ya tovuti yake mwenyewe. Tena nofollow haiuzuii ukurasa kuonekana Google. Kama hutaki ukurasa wa "asante kwa malipo" utokee kwenye utafutaji, dawa yake ni noindex, alama ya kuiambia Google isiuonyeshe, juu ya ukurasa huo wenyewe. Nofollow kwenye linki inayouelekea haitoshi, maana Google inaweza kuufikia kwa mlango mwingine.

*Inamfaa* mwenye tovuti anayelazimika kutaja asichokiamini, na mwenye biashara anayetafuta macho ya wateja kuliko namba za ripoti.

Sponsored

*Imepatikanaje.* Kuna kitu kimebadilishana mikono. Tangazo la kulipia, makala ya udhamini, linki ya kamisheni kwenye tovuti za kuuza vyumba. Kwa Arusha kuna sura moja inayowaponyoka wengi: mwandishi anapewa siku tatu za bure Tarangire na Ngorongoro kwa makubaliano kwamba ataandika na kuweka linki. Hakuna shilingi iliyotoka, lakini kwenye sera za Google dhidi ya spamu huduma inayotolewa ili linki iwekwe ni malipo. Linki hiyo inastahili sponsored, na nofollow nayo inakubalika.

*Uzito.* Usitegemee. Alama yenyewe inaiambia Google kwamba hii si kura.

*Watu.* Wengi, ukichagua mahali vizuri, na faida yake ni kwamba unaweza kuihesabu. Weka alama za ufuatiliaji mwishoni mwa anwani, mfano ?utm_source=jarida&utm_campaign=lemosho, kisha mwisho wa msimu gawa fedha uliyotoa kwa idadi ya maulizo yaliyoingia.

*Hatari.* Ya kuiweka, hakuna. Ya kuacha kuiweka, ndiyo ile ya linki za kununua. Google yenyewe imesema kosa la alama haliumi isipokuwa upande mmoja. Ukiandika sponsored kwenye linki ambayo si tangazo, sanasana haitahesabiwa. Lakini tangazo lililoachwa bila alama, au lililofichwa chini ya ugc peke yake, hilo ndilo tatizo.

*Inamfaa* mwenye fedha ya matangazo anayetaka wateja wa msimu huu.

Mfano wa stendi unaeleza tofauti vizuri. Yule kijana anayekuvuta mkono ukishuka kwenye basi akisifia kampuni fulani analipwa kamisheni, na kila mtu anajua. Sifa zake si uongo lazima, lakini huzipimi kama sifa za shangazi yako aliyepanda na kampuni hiyo mwaka jana.

Ugc

Herufi hizo ni kifupi cha "user-generated content", yaani vitu vilivyoandikwa na wageni: maoni chini ya makala, tathmini za wateja, jukwaa la maswali. *Imepatikanaje:* mgeni kaibandika, wewe huijui. *Uzito:* dokezo, kama nofollow. *Watu:* wachache, isipokuwa jibu liwe la msaada wa kweli. *Hatari:* ndogo kwa anayeandika mara moja moja, kubwa kwa mwenye tovuti anayeacha maoni bila kusimamia, maana ukurasa wako utajaa dawa za nguvu za kiume na michezo ya kubahatisha kabla ya wiki kwisha. WordPress, programu ya kujengea tovuti, huiweka ugc pamoja na nofollow kwenye maoni bila kuambiwa. Mchangiaji wa siku nyingi unayemwamini, Google inaruhusu kumwondolea. *Inamfaa* mwenye jukwaa. Kwa mwenye lodge ya vyumba nane Tengeru asiyeruhusu maoni, hii anaweza kuipita.

Kukagua, na yanayoharibika

Usilipe fundi kukwambia linki yako ni ya aina gani. Kwenye simu ya Android fungua ukurasa kwa Chrome, gusa anwani juu, kisha mbele ya https andika view-source: na ubonyeze. Msimbo wote utatoka. Tumia kipengele cha kutafuta ndani ya ukurasa, andika jina la tovuti yako, na usome kilichomo ndani ya rel. Ukikuta linki haimo kabisa wakati kwenye ukurasa wa kawaida unaiona, huenda inaletwa na JavaScript. Kwa hiyo tumia kompyuta, bofya kulia juu ya linki, chagua Inspect. Ripoti ya linki ya Search Console haitakusaidia hapa, kwa sababu huchanganya za kawaida na nofollow bila kuzitenganisha.

Makosa ya uandishi ni madogo na yanauma. Kuandika no-follow yenye kistari, au "no follow" yenye nafasi: hakuna anayeyatambua. Kunakili msimbo kutoka WhatsApp au Word ukaja na alama za kunukuu zilizopinda, ”nofollow”: kivinjari kinazichukua alama hizo kama sehemu ya neno, na neno linakuwa jingine. Lililo gumu kugundua ni rel mbili kwenye mstari mmoja:

<a href="https://example.com" rel="noopener" target="_blank" rel="sponsored">

Kivinjari husoma ya kwanza na kuitupa ya pili. Tangazo lako limebaki bila alama, nawe unaamini umeiweka. Maneno yote yakae kwenye rel moja, yakitengwa kwa nafasi: rel="noopener sponsored".

Kubwa kuliko yote halitokani na mstari wa linki. Wakati wa kujenga tovuti ya WordPress, fundi huweka tiki kwenye Settings, sehemu ya Reading, pale panapoiomba injini ya utafutaji isiifuate tovuti. Ni sahihi wakati kazi haijaisha. Akisahau kuitoa siku ya kukabidhi, kila ukurasa unabaki na noindex na nofollow kwenye kichwa chake, na mwenye tovuti anakaa miezi akinunua linki za kuinua kitu kilichofungiwa kabatini. Fungua view-source ya ukurasa wako wa mwanzo leo, tafuta neno robots, usome kinachofuata.

Kwa hali yako

Tovuti ni changa na haijulikani. Anza na wanaokujua tayari: wakala wa nje anayekuletea wageni, hoteli unazolaza watu, shule au mradi unaousaidia, chama ulichomo kama TATO, chama cha waendesha utalii Tanzania. Waombe wakutaje kwenye ukurasa unaohusika, na wakiweka nofollow usigombane nao. Wakati huohuo andika ukurasa mmoja ambao hakuna mwingine mjini aliouandika vizuri, labda tofauti ya Machame na Lemosho siku kwa siku, kimo kwa kimo. Ule ukurasa wa "washirika wetu" wenye kampuni sitini zilizobadilishana linki, achana nao. Kubadilishana kwa wingi nako kumo kwenye orodha ya makatazo.

Una bajeti na msimu wa Juni unakaribia. Nunua nafasi mahali wasomaji wako walipo, na umwambie muuzaji kwa maandishi kwamba unataka sponsored. Muuzaji anayekuongezea bei ili aondoe alama amekwambia biashara yake ni ipi.

Unauza kahawa ya kukaanga kutoka Kibosho kwa mtandao, na walaji wako wanapiga picha wanakutaja Instagram na Facebook. Uzito wa utafutaji usiutarajie huko. Linki moja ya kawaida kutoka kwa mgahawa wa nje unaonunua kwako, kwenye ukurasa wanaoeleza buni zao zinatoka wapi, ina kazi zaidi Google. Mitandao iache ilete wanunuzi.

Wewe ni fundi wa tovuti Njiro au Sakina na unapenda kuweka jina lako chini kabisa ya kila ukurasa wa mteja. Jina likae. Lakini linki yenye maneno kama "watengenezaji bora wa website Arusha" ikirudiwa kwenye kurasa mia tatu za wateja kumi na watano ni ile ambayo Google huitaja waziwazi kama mpango wa linki. Tumia jina la biashara yako tu, weka nofollow, na umwambie mteja ipo.

Umeshanunua zile mia moja. Kama Search Console haina onyo, kawaida huna haja ya kufanya kitu, zimekwisha puuzwa. Kama onyo lipo, waandikie wenye tovuti waziondoe au waziwekee nofollow, na uhifadhi nakala za barua hizo. Zilizobaki ziandike kwenye faili la maandishi matupu la .txt, mstari mmoja kwa kila tovuti, kwa mtindo huu: domain:example.com. Lipandishe kwenye zana ya Google ya kukana linki, kisha utume ombi la kufikiriwa upya ukieleza ulichonunua, ulichoondoa na kilichoshindikana. Faili likiwa na tovuti nzuri kwa bahati mbaya, nayo umeikana, kwa hiyo lipitie mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza. Majibu hayaji siku ileile. Google lazima izipitie tena kurasa hizo moja moja, na hilo huchukua wiki kadhaa.